Siku ya Kupumzika Nayo ni Siku ya Mazoezi



Ndugu wasomaji, mtu aliyeondoka Ubungo miaka kumi iliyopita akirudi leo atapotea njia. Kituo cha mabasi ya mikoani kimehamia Mbezi Luis, na pale kwenye taa tulipokuwa tukikaa foleni hadi usingizi ukatushika, magari sasa yanapita juu ya Daraja la Kijazi lililofunguliwa mwaka 2021. Lakini mimi kila nikirudi nyumbani likizo, kinachonishangaza zaidi ni watu wanaofanya mazoezi. Saa kumi na moja alfajiri, ukielekea parokiani kwa Misa ya kwanza, unakutana nao kwenye Barabara ya Sam Nujoma wakipandisha kuelekea Mlimani: akina mama wa makamo waliovaa raba na kanga kiunoni, wazee walioambiwa na daktari wapunguze sukari, vijana wa joging wanaokimbia kwa mistari huku mmoja akiimbisha na wengine wakiitikia. Jioni ni zamu ya vyuma. Karibu kila mtaa una uwanja wa nyuma ya nyumba wenye benchi la mbao, mabomba yaliyochomelewa na makopo ya rangi yaliyojazwa zege.

Ni jambo la kumshukuru Mungu. Mwaka 2016 Mama Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais, alihimiza Watanzania waifanye Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa siku ya mazoezi, kwa sababu ya shinikizo la damu, kisukari na magonjwa mengine yasiyoambukiza. Wengi hawakuishia kwenye Jumamosi moja. Wapo wanaofanya kila siku ya Mungu, bila kuacha hata moja, na ndio wanaonifanya niandike. Je, mtu aliyeshika mazoezi vizuri anahitaji siku ya kupumzika? Au kupumzika ni jina zuri la uvivu?

Swali hili niliulizwa likizo hii na kijana mmoja wa jumuiya yetu. Jina lake nitaliacha. Ni mpagazi katika soko la Mahakama ya Ndizi, pale Mabibo. Usiku wa manane malori yakifika kutoka mikoani, yeye na wenzake ndio wanaoshusha mikungu, mmoja baada ya mwingine, begani, hadi jua litoke. Akitoka hapo analala kidogo, na jioni anakwenda kwenye vyuma. Siku saba kwa juma. Anajiandaa kuomba nafasi ya kujiunga na JKT kwa kujitolea, na amejiwekea moyoni kwamba siku ya usaili asipatikane mtu wa kumpita.

Nilikwenda kumwona kwa sababu mama yake aliniomba. Alisema mwanawe amekuwa mkali, hali vizuri, usingizi umekata, na wimbo wa kwaya aliokuwa akiupenda ameuacha. Nilimkuta amekaa kwenye benchi la vyuma, bega la kushoto amelifunga kitambaa.

"Tumsifu Yesu Kristo, Frateri."

"Milele amina, mdogo wangu. Bega limefanyaje?"

"Linauma kidogo tu. Wiki ya tatu hii. Ila nikipasha mwili moto linatulia."

"Na umelipumzisha?"

Akacheka. "Frateri, nikilala siku moja mwili si unarudi nyuma? Wenzangu hawalali."

Sikumjibu kwa haraka, kwa sababu swali lake lilikuwa la kweli na nilitaka kumpa jibu la kweli. Nilichomweleza siku zilizofuata ndicho ninachowaeleza ninyi hapa, kwa mpangilio kidogo kuliko nilivyofanya pale uani.

Tuanze na mwili wenyewe. Watu wengi hudhani kwamba nguvu inaongezeka wakati mtu ananyanyua chuma. Wakati ule, kwa kweli, nguvu inapungua. Misuli inachoka, nyuzi zake ndogo zinapata majeraha madogo madogo, na akiba ya sukari iliyohifadhiwa ndani yake inatumika. Mtu anayetoka mazoezini ni dhaifu kuliko alivyoingia. Kazi ya kujenga inaanza anapoondoka: mwili unaziba yale majeraha, unatengeneza protini mpya, unaurudisha msuli ukiwa imara kidogo kuliko mwanzo ili mzigo uleule ukija tena usiuumize. Ujenzi huo huendelea kwa siku nzima, mara nyingi hadi siku mbili. Ndiyo maana maumivu ya misuli huwa makali kesho yake au keshokutwa, na ndiyo maana makocha hushauri kundi moja la misuli lipewe kama saa 48 kabla ya kutwishwa tena mzigo mzito. Kano zinazofunga misuli kwenye mifupa huenda polepole zaidi; msuli unaweza kujisikia tayari wakati kano bado. Bega la kijana wetu lilikuwa linasema hivyo kwa lugha yake.

Kwa hiyo mazoezi ni ombi, na mapumziko ndiyo jibu. Anayeomba kila siku bila kusubiri jibu hapati zaidi. Akiendelea hivyo kwa majuma mengi, mwili unaanza kumkatalia: mapigo ya moyo ya asubuhi yanapanda, usingizi unakuwa wa mang'amung'amu, hamu ya kula inapotea, mafua hayaishi, hasira iko karibu, na uzito aliokuwa akiunyanyua mwezi uliopita leo unamshinda. Mtu mwenye bidii akiona hivyo hudhani amelegea, akaongeza mazoezi. Hapo ndipo anapoumia.

Tutofautishe lakini, kwa sababu mwalimu wetu wa mantiki asingenisamehe nisipotofautisha. Si kila mazoezi yanahitaji siku ya kupumzika. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa juma, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Yule mama anayetembea nusu saa kila asubuhi kwenda Mlimani na kurudi anaweza kutembea siku zote saba bila shida. Ninayemzungumzia ni yule anayekimbia kwa kasi, anayenyanyua uzito mkubwa, anayecheza mpira wa nguvu. Huyo anahitaji angalau siku moja katika juma, na wengi wanahitaji mbili. Na kupumzika hakumaanishi kulala kitandani kutwa. Matembezi mepesi na kunyoosha viungo vinasaidia damu kuzunguka.

Sisi wanafunzi wa falsafa tunafurahi tunapoona kwamba wazee wetu walishalizungumza jambo. Aristotle, katika kitabu cha pili cha Maadili yake, anapotaka kueleza kwamba fadhila huharibika kwa kuzidi na kwa kupungua, mfano anaouchukua ni mazoezi: yakizidi yanaharibu nguvu, na yakipungua yanaiharibu vilevile. Mbele kidogo anamtaja Milo, mpiganaji mieleka aliyejulikana kwa ulaji wake, akisema kwamba chakula kilicho kidogo kwa Milo ni kingi mno kwa anayeanza mazoezi. Kiasi cha kati hakipatikani kwa kugawa namba katikati, kinategemea mtu. Ndivyo ilivyo na mapumziko. Siku ya kupumzika ya mwanariadha wa taifa na ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hazilingani, na anayeiga ratiba ya bingwa aliyoiona kwenye simu anakula chakula cha Milo.

Yupo mwandishi mwingine wa Kigiriki, Philostratus, aliyeandika kuhusu mazoezi katika karne ya tatu. Anaeleza kwamba makocha wa wakati wake walikuwa na mzunguko wa siku nne: siku ya kwanza kuuandaa mwili, ya pili kuusukuma hadi mwisho, ya tatu kuulegeza, ya nne mazoezi ya kiasi. Mnaona kwamba hata wao waliweka siku ya kulegeza. Lakini Philostratus analalamika kuwa makocha waliufuata mzunguko huo kama mashine bila kumtazama mtu. Anasimulia habari za mpiganaji Gerenus, aliyeshinda Olimpia, akafanyiwa karamu akanywa na kula kuliko alivyozoea. Kesho yake alipofika mazoezini alikiri kwamba tumbo linamsumbua na mwili ni mzito. Kocha alikasirika, akamlazimisha kufuata ratiba ya siku ile, na Gerenus akafa mazoezini. Ratiba ilikuwa nzuri, ila kocha hakumwona mtu aliyekuwa mbele yake.

Turudi kwetu. Katika vilima vya Iten nchini Kenya, ambako wakimbiaji hodari wa dunia wamekaa kwa wingi kuliko mahali pengi, Jumapili wengi wao hawafanyi mazoezi. Wanakwenda kanisani, wanafua nguo, wanakaa na familia. Ni mji ambao Bruda Colm O'Connell, mtawa wa Ireland, alifika mwaka 1976 kufundisha katika shule ya St. Patrick's, akaishia kuwa kocha wa mabingwa. Mmoja wao, David Rudisha, aliweka rekodi ya dunia ya mita 800 huko London mwaka 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91. Eliud Kipchoge naye kwa miaka mingi ameishi kambini Kaptagat siku za juma na kurudi kwa mkewe na watoto mwisho wa juma. Na ndugu yetu Alphonce Simbu, Mtanzania wa kwanza kutwaa dhahabu ya dunia katika riadha, alishika nafasi ya pili Boston mwezi Aprili 2025, kisha akashinda Tokyo mwezi Septemba. Kati ya mbio hizo mbili ilipita karibu miezi mitano. Hakuna mkimbiaji wa marathoni wa kiwango hicho anayeshindana kila mwezi. Watu hawa hakuna anayeweza kuwaita wavivu.

Kijana wetu alisikiliza habari za Simbu kwa makini kuliko za Aristotle. Kisha akaniuliza swali lililonifikirisha zaidi: "Kwa hiyo nikipumzika Jumapili nitanyanyua zaidi Jumatatu?"

Ndiyo, atanyanyua zaidi. Lakini hapo niliona kwamba tumefika mahali ambapo elimu ya mwili inaishia, na kama ningeacha mazungumzo pale ningekuwa nimempa nusu. Aristotle mwenyewe anasema kwamba tunapumzika ili tuweze kutenda. Mapumziko ni chombo cha kazi, kama kunoa panga kabla ya kulima. Ni kweli, ila kwa mtu aliyeshikwa na mazoezi ni hatari kidogo, maana atapumzika kwa saa mkononi, akihesabu, akijiuliza kama sasa inatosha. Mwili umelala, yeye bado yuko kwenye vyuma.

Mtakatifu Thomas wa Akwino anasimulia habari aliyoipokea kutoka kwa Yohane Kasiano. Mtume Yohane alikutwa akicheza na wanafunzi wake, na watu wakakwazika. Akamwambia mmoja aliyekuwa na upinde apige mshale, kisha mwingine na mwingine, akamuuliza kama angeweza kuendelea hivyo bila kikomo. Yule akajibu kwamba upinde ungevunjika. Na roho ya mtu ni hivyo hivyo, akasema mtume. Thomas anaongea habari za roho, si misuli tu. Kuna kitu ndani yetu kinachokaa kimekazwa hata mikono ikiwa imelegea.

Ndipo Dominika inapoingia. Katika kitabu cha Mwanzo Mungu anapumzika siku ya saba, wala hakuwa amechoka. Mtu aliumbwa siku ya sita, kwa hiyo siku yake ya kwanza nzima duniani ilikuwa siku ya mapumziko, kabla hajalima hata tuta moja. Hakupumzika ili apate nguvu, wala kwa sababu alistahili. Alipewa tu. Mtakatifu Yohane Paulo II aliandika barua nzima juu ya siku hii, Dies Domini, mwaka 1998, na Sheria ya Kanisa katika kanuni ya 1247 inatutaka siku hiyo tuepe kazi zinazozuia ibada, furaha ya siku ya Bwana, na mapumziko yanayohitajika ya akili na mwili. Mwili umetajwa pale. Kanisa haliudharau. Katekisimu, namba 2289, inataka uhai wa mwili uheshimiwe, na papo hapo inatuonya tusiuabudu.

Hivyo nikamjibu: "Utanyanyua zaidi Jumatatu, mdogo wangu. Lakini Dominika usihesabu. Njoo Misani, imba, kula kwa mama yako. Siku moja kwa juma kaa kama mtu ambaye hana la kuthibitisha."

Alinyamaza kwa muda, kisha akasema jambo ambalo sikuwa nimelipima sawasawa. "Frateri, vyuma naweza kuacha. Mikungu siwezi. Lori halijui Dominika. Nisiposhusha, sili."

Hapa, ndugu zangu, ndipo suala hili linapoacha kuwa la afya peke yake. Bega halitofautishi chuma cha mazoezi na mkungu wa ndizi. Mzigo ni mzigo. Kijana huyu alikuwa anafanya mazoezi mara mbili kwa siku, moja kwa hiari na moja kwa lazima, na makala zote za afya zinazoshauri siku ya kupumzika zimeandikwa kwa mtu mwenye mshahara wa mwezi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa wa Tanzania mapumziko yasiyopungua saa 24 kila juma. Kibarua wa sokoni anayelipwa kwa mzigo anaisikia sheria hiyo kama habari za nchi nyingine.

Kumbukumbu la Torati, sura ya 5, inaporudia amri ya Sabato, inataja sababu iliyo tofauti na ile ya kitabu cha Kutoka. Haitaji uumbaji, inataja Misri. Ninyi mlikuwa watumwa, kwa hiyo mtumwa wako na mjakazi wako nao wapumzike kama wewe. Katekisimu, namba 2187, inalitafsiri kwa maisha yetu: tusimtwike mwingine kazi isiyo ya lazima itakayomnyima siku ya Bwana. Tujiulize basi, hasa sisi tunaotoka Misani tukiwa na furaha: dada wa kazi aliyebaki nyumbani akipika pilau ya Dominika, siku yake ya kupumzika ni ipi? Mlinzi wa geti? Fundi tuliyemwambia lazima amalize Jumapili?

Kwa kijana wetu tulipata njia ndogo. Kikundi chao pale sokoni kina watu kumi na wawili. Alizungumza na wenzake, Wakristo na Waislamu, wakakubaliana kupokezana: kila mmoja achague siku yake moja, na wenzake wamshushie fungu lake wakijua kesho ni zamu yao. Ndugu zetu Waislamu wengine wamechagua Ijumaa. Vyuma amebakiza jioni tatu, na si siku zinazofuatana. Bega alilipeleka zahanati, akaambiwa kano imevimba na alipumzishe kabisa kwa majuma kadhaa. Hilo lilimuuma, kwa sababu usaili hausubiri. Kama atachaguliwa au hapana, mimi na yeye hatujui. Mama yake ananiambia analala.

Mwisho, neno kwa ndugu zangu wa seminarini. Ratiba yetu ina kengele kwa kila kitu, na michezo ya jioni ni sehemu ya malezi yetu. Wapo kati yetu wanaotoka uwanjani wakakimbilia push-up usiku baada ya ukimya mkuu, kisha wanasinzia kwenye tafakari. Pima mapigo ya moyo wako asubuhi kabla ya kuinuka, kwa dakika moja, kwa juma zima, uyajue. Yakipanda kwa mapigo matano au kumi kwa siku kadhaa mfululizo, na usingizi ukawa mbaya, mwili unaomba likizo, mpe. Usiyafanye magumu siku mbili mfululizo kwa misuli ileile. Usingizi usiuibe. Na uchague siku moja, ikiwezekana Dominika, ambayo hutaihesabu.

Nabii Elia alipochoka hadi akaomba kufa, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha akampa tena. Baada ya hapo Elia alitembea siku arobaini hadi mlima wa Mungu. Sisi tunaojiandaa kwa safari ndefu ya upadre, na ninyi wazazi wetu mnaobeba familia kila siku, tuna mlima mbele yetu. Tule, tulale, tumpe na jirani nafasi ya kulala, kisha twende.